Nyundo Inayodai Chai

Mama Sindano, fundi cherehani, hakuogopa kuingiza mkasi kwenye kitambaa cha harusi ya mtu. Alichoogopa ni kompyuta, na zaidi ya kompyuta, kilichokuwa ndani yake: mpiganaji wa marehemu mumewe.

Marehemu alikuwa seremala, na kwenye gemu la mtandaoni alijichagulia nyundo. Angechagua nini kingine? Gemu hilo humruhusu mchezaji kurekodi sauti itakayotoka kila apigapo. Wenzake walirekodi vitisho vya moto na damu. Yeye, mtu wa mzaha hadi kaburini, alirekodi: "Mke wangu, chai iko wapi?" Nyundo ilipanda polepole, ikashuka, na sentensi ikaisha pamoja na pigo.

Tangu wamzike, Mama Sindano alikuwa akifunga cherehani jioni, anamsogeza mpiganaji kwenye gogo moja ndani ya gemu, anabonyeza ili aisikie sauti ya mumewe. Aliwahi kuirekodi sauti ile kwenye simu, lakini simu ilirudia tu, haikumjibu kama nyundo ilivyomjibu kila alipobonyeza. Siri hiyo hakumwambia mtu, maana watu wangesema mjane ameanza kuchanganyikiwa.

Sasa likaja tangazo: msimu wa gemu unafungwa leo, na mpiganaji ambaye hajampita mlinzi wa lango atafutwa, yeye na vyote vyake. Akiuawa langoni, ndiyo basi, hafufuki. Gauni la mteja Mama Sindano alilishonea mikono miwili ya kushoto, akalifumua, akaishona tena miwili ya kushoto.

Alasiri binti yake alipiga simu kutoka mbali alikoolewa. Naye alikuwa mchezaji, alifundishwa na baba yake.

"Shikamoo mama. Weka nyundo chini, ushike vile visu viwili."

"Marahaba. Visu vya nini, mwanangu? Nyundo moja ni visu kumi."

"Na nyundo moja ikipanda na kushuka, visu vimeshapiga kumi. Kwa hesabu ni yale yale. Ila nyundo ikiguswa ikiwa hewani, pigo limekufa, unaanza upya. Baba alikuwa na wenzake wa kumkinga. Wewe nani anakukinga?"

"Nimezoea nyundo," alisema, na hakusema zaidi. Visu alishavijaribu kwenye gogo. Viliikatakata sauti ya mumewe, akaviachia haraka kana kwamba vimemkata yeye.

Aliingia langoni na nyundo, simu ikiwa wazi mezani. Mlinzi alikuwa mkubwa kuliko mlango wenyewe. Nyundo ikapanda. "Mke wangu, cha—" Akapigwa, nyundo ikaanguka bure. Akainua tena. "Mke wangu—" Akapigwa tena. Mstari wa uhai ukabaki nusu, kisha robo. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga chini ya meza pasipo na kikanyagio.

"Mama, visu. Nakuomba."

Akabadilisha. Akafumba macho, akabonyeza kwa kasi ya cherehani ikishona pindo refu. Kila pigo lilikata lililotangulia, na sauti ya mumewe ikabaki neno moja tu.

"Mke. Mke. Mke. Mke. Mke."

Ilikuwa sauti ya mtu anayeita kutoka chumba kinachoungua. Mama Sindano alilia kwa hofu lakini vidole havikusimama, hadi neno likanyamaza lenyewe. Alifumbua macho akitegemea kuona kaburi la mpiganaji. Mlinzi alikuwa chini, lango liko wazi, na kwenye mstari wa uhai palibaki uzi.

Mama Sindano alirudisha visu, akachukua nyundo, akapiga nguzo ya lango. Nyundo ikapanda polepole, ikashuka.

"Mke wangu, chai iko wapi?"

"Inakuja," alimjibu, akasahau kwamba simu iko wazi. Upande wa pili alimsikia binti yake akilia.

"Mama," binti alisema baadaye, "piga tena, nimsikie."