Mizabibu Iliyolala kwa Shibe

Kuna watu ukiwakataza kitu kwa miaka tisa watalizoea katazo na kukisahau kitu. Ntinyari hakuwa mmoja wao.

Kwa Waigembe wa Meru siku zile, mti wa miraa ulikuwa mali ya wanaume kuanzia mzizi hadi ncha. Mwanamke haukwei, haukati, hachumi. Kazi yake ni kuleta uji na kungoja chini. Basi tangu aolewe na Thuranira kwenye mteremko wa Nyambene, chini ya Kangeta, Ntinyari alikaa chini ya miti kumi na minne ya mumewe, kibuyu mapajani, shingo juu. Thuranira alikuwa na tabia ya kusema na miti yake kama wengine wanavyosema na ng'ombe. Akikuta tawi limejaa majani mapana ya kijani lakini halina hata chipukizi moja jekundu la kutafunwa, alilikemea.

"Wewe umeshiba," aliliambia. "Umeshiba, ukalala. Ngoja nikuamshe."

Kisha alilipukutisha majani yote, akalikata ncha, akaliacha uchi. Wiki tatu hazikuisha kabla tawi lile halijavaa machipukizi mekundu kila kifundo. Ntinyari aliona, akamimina uji.

Mwaka wa 1954 Thuranira alikamatwa njia ya Isiolo akiwa na mzigo wa miraa na bila pasi. Ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na Mmeru kukutwa mbali na kwao bila pasi kulitosha kumpeleka kizuizini. Mwaka huohuo watu wa mteremko ule waliamriwa kuhama bomani mwao na kujazana katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na vigingi vilivyochongwa. Ntinyari alihama na sufuria mbili, kuku mmoja, na bintiye Kiende mgongoni. Miti kumi na minne haikuhamishika.

Mkuu wa homgadi, walinzi wenyeji wa serikali, pale kijijini aliitwa Mwongera. Alikuwa mtu mfupi ndani ya koti refu la serikali, na filimbi yake ilikuwa ikiwatoa wanawake vibandani kila asubuhi kwenda kuchimba barabara. Hakuwa katili, tusimsingizie. Alipenda tu kuogopwa, na hilo watu hawakumpa vya kutosha. Alihitaji nguzo za kuongeza kwenye boma la kijiji, na macho yake yalikuwa yameangukia miraa ya Thuranira.

"Miti ya mtu aliye kizuizini ni ya nani hasa?" alikuwa akiuliza kwa sauti, ili Ntinyari asikie.

Miti ile ilikuwa ya babu yake Thuranira. Mwanamume wa Igembe anayerudi na kukuta nyumba imebomolewa atajenga nyingine kwa wiki moja. Anayerudi na kukuta visiki hana mahali pa kurudi. Ntinyari alilijua hilo vizuri kuliko jina lake, na lilimnyima raha.

Ndipo aliposikia kwamba kwenye misheni iliyo ng'ambo ya pili ya korongo, Padri Bartolo anatafuta mtu wa kupalilia. Alikwenda kuomba siku hiyohiyo. Mfanyakazi wa misheni alipewa kadi yenye muhuri, ya kutoka kijijini asubuhi na kurudi saa kumi, na njia ya kutoka kijijini kwenda misheni ilipita katikati ya boma lake la zamani. Mara mbili kwa siku angepita chini ya miti yake akiihesabu. Na Mwongera alipojitokeza pale na panga, Ntinyari alimsalimu kwa adabu zote.

"Bwana Mwongera, Padri ananiuliza kila siku kama hii miti iko salama. Nimwambie nini leo?"

Padri hakuwa ameuliza chochote. Lakini Mwongera alirudisha panga alani, akasema amwambie Padri kwamba ulinzi uko imara.

Kazi yenyewe ilikuwa kupalilia mizabibu. Padri Bartolo, Mtaliano mrefu mwenye ndevu na viatu vilivyochoka, alikuwa na mizabibu sitini iliyotambaa juu ya nyaya nyuma ya kanisa. Aliileta miaka mitano nyuma ikiwa vijiti ndani ya gunia lililoloweshwa maji, ili misheni ijitengenezee divai ya misa. Sasa ilikuwa imenenepa ajabu. Majani mapana kama sahani yalifunika nyaya, yakapanda paa la jiko, yakaingia dirishani kwa mpishi. Zabibu zenyewe kwa mwaka hazikujaza kofia, na hizo chache ndege walizimaliza.

"Mama Kiende," Padri alimweleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "kule kwetu baridi nakuja, majani naanguka yote. Mti nalala. Mimi nakata. Halafu jua narudi, na zabibu mingi sana!"

"Na huku, Padri?"

"Huku mimi nangoja majani naanguka."

Alikuwa amengoja miaka mitano. Majani ya Igembe hayakuwa na habari na baridi ya Italia. Wakati huo divai ya misa ililetwa kwa lori kutoka Nairobi, na kwa sababu ya upekuzi kwenye vizuizi vya barabarani, kila sanduku lilifika na chupa pungufu. Padri alisema hajapata kuona askari wenye ibada kama wale.

Mwezi wa tano, baada ya mvua ndefu, alikata tamaa. Alimwita Ntinyari na kumwambia kwamba mvua za mwezi wa kumi zikikaribia atang'oa mizabibu yote apande kabichi. Kabichi zilikuwa na mtunzaji wake tayari. Kwa hiyo kadi ya Ntinyari ingeishia hapo.

Ntinyari alirudi shambani na jembe lake. Hakuwa akiifikiria mizabibu. Alikuwa akiifikiria miti kumi na minne na panga la Mwongera. Alisimama mbele ya mzabibu wa kwanza, ule ulioingia dirishani kwa mpishi. Majani mapana, kijani kibichi, wala chipukizi, wala ua. Akautazama, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Wewe umeshiba," aliuambia.

Alijaribu kwanza njia ya heshima. Alimwendea Padri akamwambia miti hii haitalala kwa baridi, kwa sababu imekwisha kulala kwa shibe, na dawa yake ni kuinyang'anya majani. Padri alicheka kwa upole, akamwonyesha kitabu cha kwao chenye picha ya mizabibu iliyofunikwa na theluji. Ntinyari alikitazama kile kitabu kwa heshima. Aliona kwamba aliyekiandika hajawahi kufika Kangeta.

Jumatatu iliyofuata Padri alisafiri kwenda Nyeri kwa juma zima la sala. Kabla vumbi la pikipiki yake halijatua, Ntinyari alikuwa ameshika makasi ya bustani. Katika Igembe nzima hakuna mzee aliyewahi kusema mwanamke asiguse mzabibu, kwa kuwa hakuna mzee aliyekuwa akiujua. Alipukutisha jani moja, akangoja. Mbingu haikuanguka. Akapukutisha la pili, na kufikia saa sita alikuwa akiimba.

Kwa siku nne aliivua mizabibu sitini nguo zote. Lakini mkono uliokaa miaka tisa karibu na miraa una mazoea yake. Machipukizi laini ya ncha hakuweza kuyatupa chini kama takataka. Aliyapanga kwa urefu, akayafunga vibunda vizuri kwa kamba za mgomba, akaviviringisha kwenye majani ya ndizi, kama alivyomwona mumewe akifanya. Siku ya tatu vibunda vilikuwa safu nzima kando ya ukuta wa kanisa, na ndivyo Mwongera alivyovikuta alipopita kwenye doria.

Alivitazama vibunda. Akatazama shamba lililovuliwa. Akatazama kanisa. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyegundua siri ya wakubwa.

"Kumbe ndiyo maana!" alisema. "Hii Padri anatuficha. Hii ni miraa ya Ulaya."

"Bwana Mwongera, hii si..."

"Nyamaza, mama. Mimi ni serikali." Akachukua vibunda viwili, akavitia ndani ya koti, akachomoa chipukizi moja akatafuna. Chipukizi la mzabibu ni chachu kupita ndimu. Mwongera alifumba macho yote mawili, machozi yakamtoka, lakini hakutema. Mkubwa hatemi mbele ya mpalilia magugu.

"Ina nguvu," alisema kwa shida. "Ina nguvu sana."

Alikaa kwenye ngazi za kanisa alasiri yote akitafuna na kungoja kuchangamka. Alipoondoka alichukua vibunda vingine vitatu vya maaskari wake, na kesho yake walisikika wakiambiana kwamba hawakupata lepe la usingizi. Huenda ni kweli, maana matumbo yaliwasokota.

Padri alirudi Jumapili. Alisimama mbele ya shamba lake na kofia mkononi. Palipokuwa na ukuta wa majani palikuwa na nyaya na vijiti vya kahawia, hivyo tu.

"Mama Kiende," alisema polepole, "nani nafanya hii?"

"Ni mimi, Padri."

Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Ntinyari zaidi. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akashika kichwa. Mwongera alifika mbio, koti likipepea, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kuna kosa. Alisema kuharibu mali ya misheni wakati wa Hali ya Hatari ni jambo kubwa, na mama huyu lazima arudi barabarani mara moja.

"Sawa," alisema Ntinyari, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Lakini Padri akiandika ripoti, aandike pia habari za vile vibunda vitano."

"Bunda gani?" Padri aliinua kichwa.

Mwongera akakohoa. Akasema kwamba baada ya kufikiri vizuri, mambo ya shamba ni ya mwenye shamba. Akaaga.

"Padri, nipe wiki tatu," Ntinyari alimsihi walipobaki wawili. "Kama hakuna kitu, nitang'oa mwenyewe na kadi nitakurudishia. Usinipe hata siku moja zaidi."

Padri alitazama vijiti vyake. Hakukuwa tena na kitu cha kupoteza. "Tatu," alisema.

Wiki ya kwanza vijiti vilikuwa vijiti. Ya pili pia. Ntinyari alikonda. Kila asubuhi aliposhuka korongoni alipita chini ya miti ya Thuranira akainyoshea kidole: mimi nimesikiliza maneno ya bwana wenu, nikiaibika mtaaibika nami. Siku ya kumi na tisa, alipoinama kung'oa gugu, aliona kwenye kifundo cha mzabibu wa dirishani kitu chekundu kisichozidi punje ya mtama. Kwenye kifundo kingine, kingine. Alikimbia kanisani katikati ya misa, na jembe mkononi, na Padri alipomwona mlangoni aliisoma misa yote iliyobaki haraka kuliko alivyowahi kuisoma.

Mwezi wa saba mizabibu ilichanua. Mwezi wa tisa, katika ukavu na jua kali, vishada vilining'inia kwenye nyaya zote, vyeusi, vizito, na Ntinyari alishinda akipigana na ndege kwa kombeo. Walijaza mapipa mawili. Wanawake wa kijiji walipewa ruhusa ya kuja kukamua, na kwa siku mbili hakuna aliyechimba barabara. Mwongera alikuja kulinda. Alipewa kishada, akala, hakuuliza kama ni jamaa ya ile miraa.

Divai ya kwanza ilionjwa Krismasi. Ilikuwa kali kiasi cha kumfumba Padri jicho moja. "Lakini ni divai," alisema, akalia bila haya. Ntinyari alionja kidogo, akakunja uso. Kwa pombe ya miwa iliyo hivi, alisema, mama yake angerudishiwa kibuyu kikiwa bado kimejaa. Kabichi zilipandwa kwingine. Kadi iligongwa muhuri mpya, na mwaka uliofuata tena.

Thuranira aliachiliwa 1957. Hakwenda kijijini kwanza. Ntinyari alimkuta kwenye boma la zamani alipokuwa akirudi kutoka kazini na kibuyu chake cha uji, mwanamume aliyekonda, goti moja limekataa kukunjika, amesimama na fimbo chini ya miti kumi na minne. Alikuwa ametegemea visiki, au pori. Mbele yake kila tawi lilikuwa limekatwa kwa mpango, na machipukizi mekundu yamejaa hadi nchani.

"Nani amekwea miti yangu?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Hakuna aliyekwea, Baba Kiende. Nilitumia ndoano kali iliyofungwa kwenye mti mrefu. Nilikuwa chini."

Alimtazama mkewe. Ntinyari hakushusha macho.

"Kazi hii ulijifunzia wapi?"

"Kwenye mizabibu ya Padri."

"Na mizabibu ya Padri ulifundishwa na nani?"

"Na wewe," alisema Ntinyari. "Miaka tisa, nikiwa na uji."

Thuranira akacheka, kicheko alichokuwa hajakitumia miaka mitatu, kikamtoka na vumbi lake. Akaketi polepole chini ya mti wa kwanza, palepale ardhi ilipobonyea kwa kukaliwa na mkewe, akanyosha lile goti bovu, akapokea kibuyu na kukiweka mapajani.

"Lile tawi la kushoto," alisema akiangalia juu, "naona limeshiba."

"Nimeliona," alisema Ntinyari, na akaenda kuchukua ndoano.