Mwalimu wa Nidhamu na Piko la Maharusi

Katika shule yetu ya kutwa huku Mbagala, mwalimu aliyeogopwa kuliko wote alikuwa mwalimu wa nidhamu, mama mmoja mrefu kutoka Songea aliyefundisha pia hisabati. Hakuwa mtu wa makelele. Alisimama tu getini asubuhi, na mwanafunzi aliyevaa soksi za rangi alijikuta anageuka mwenyewe kurudi nyumbani kabla hajaulizwa lolote. Mimi nafundisha Kiswahili, meza zetu ofisini zinapakana, na kwa muda mrefu nilimwona ana roho ngumu. Leo mtu akiniuliza ni mwalimu gani ningependa kufanana naye, namtaja yeye bila kufikiri.

Moja ya sheria alizozisimamia ilikuwa ile ya hina. Mwanafunzi haruhusiwi kuja shuleni amepakwa hina wala piko, ile rangi nyeusi wanayochorewa maharusi maua mikononi. Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Watoto wetu wengi ni wa familia za pwani, na bila katazo hilo, kila baada ya harusi ya mtaani tungefundisha darasa zima la mabibi harusi. Aliyekutwa nayo alirudishwa nyumbani mpaka itoke. Shida ni kwamba piko haiogopi sabuni, inatoka siku inapotaka yenyewe.

Binti mmoja wa kidato cha pili alirudishwa kwa ajili hiyo. Akaja tena baada ya siku kadhaa, vidole vikiwa bado vyeusi, akarudishwa tena. Alipojaribu mara nyingine vilikuwa vyeusi kuliko mwanzo. Basi akaacha kuja. Ofisini tukasema yale tunayosemaga siku zote, kwamba huyo ameshaanza mambo ya wakubwa, na si muda mrefu tutasikia ameolewa.

Asubuhi moja mama yake akaja ofisini pamoja naye. Akatusalimia kwa adabu, akasema wamekuja kuaga. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Alieleza kwamba shule imemshinda mtoto, hesabu haelewi, kila akija anarudishwa, na nyumbani ana kazi yake ambayo watu wanamfuata. Aliomba tumwambie tu utaratibu wa kumwachisha. Mwalimu wa nidhamu akamjibu, bila kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha, kwamba mtoto angeacha kujipamba, muda huu angekuwa darasani.

Binti alikuwa ameficha mikono nyuma. Nikamwambia hebu nione. Akaitoa polepole. Mimi ni mtoto wa kike wa Temeke, nimekulia kwenye shughuli za mama zangu na shangazi zangu, na sikuhitaji kuitazama sana. Aliyepakwa ana maua. Mikono ya huyu haikuwa na ua hata moja. Weusi ulikuwa kwenye ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia, na pembeni mwa kiganja cha kushoto kulikuwa na vistari vifupi vifupi, pale mpakaji anapojaribia rangi yake kabla hajamgusa mtu.

Nikamgeukia mwenzangu. "Huyu hajapakwa. Huyu ndiye anayepaka."

Mwenzangu hakunielewa, na simlaumu, maana mambo haya hakukulia nayo. Mama ndiye aliyemfafanulia. Bibi yake binti alikuwa mpakaji wa maharusi tangu zamani, nusu ya wanawake wa mtaa wao wameolewa na maua yake. Sasa mkono wake umeanza kutetemeka, na mjukuu ndiye aliyeishika kazi. Nikamuuliza binti kwa nini hakusema. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba alisema, getini, siku ya kwanza, akaambiwa asijitetee.

Nilitegemea mwalimu wa nidhamu abishe. Akafunga daftari, akamuuliza yule mama ni lini bibi harusi mwingine anapakwa, na kama mgeni anaruhusiwa kuangalia.

Jumamosi tukaenda wote wawili. Ilikuwa nyumba ya kina bibi harusi, si mbali na shule, chumba kimejaa wanawake na harufu ya udi. Walipotuona wakaanza kututania kwamba walimu wamekuja kukamata watoro. Tukavua viatu, tukakaribishwa mkekani. Binti alipomwona mwalimu wake wa nidhamu alirudisha mikono nyuma, nikaogopa ataharibu kazi ya watu. Lakini alipoinama kwenye kiganja cha bibi harusi alitusahau wote. Alianza na ua katikati, bila kupima, bila kuchora alama yoyote kwanza, kisha vikonyo vikatambaa mpaka kwenye vidole. Nimeona wapakaji wengi maishani mwangu. Huyu alikuwa fundi kweli, na nilijisikia fahari kama vile nimemzaa mimi.

Mkono wa kulia ulipokwisha ukawekwa kando ukauke. Akahamia wa kushoto, na mwenzangu akajisogeza mbele. Binti alichora maua yaleyale, ila yakitazama upande wa pili, kila jani limegeukia mwenzake wa kule, na wala hakurudi kuutazama mkono wa kulia. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo mada aliyowafundisha muhula ule, umbo na taswira yake kwenye kioo, na kwamba kwenye jaribio binti huyu alirudisha karatasi tupu. Kweli sisi sekondari tunafundisha hesabu kwa Kiingereza. Kitu alikuwa nacho, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndicho kile kinachoandikwa ubaoni.

Mwalimu akamuuliza amejuaje kugeuza.

"Bibi harusi akiinua mikono kuomba dua, viganja vinakaa pamoja," binti akasema, bado ameinama. "Watu wanatakiwa waone ua moja kubwa, madamu. Nisipogeuza halikutani."

Mwenzangu alisubiri mpaka kazi ikaisha. Kisha akamwambia Jumatatu aje shule. Binti akavitazama vidole vyake vilivyolowa upya, akauliza, "Na hivi je?"

Yule mama aliyeogopwa na shule nzima akajivuta mpaka mbele yake, akakunja mikono ya gauni, akanyoosha viganja vyote viwili.

"Nipake na mimi," akasema. "Wakiturudisha, waturudishe wote."

Chumba kizima kilipiga vigelegele. Mmoja akataka kujua bwana harusi wa mwalimu ni nani.

Jumatatu mstarini aliinua mikono yake yenye maua mbele ya wanafunzi wote. Hapakuwa na aliyethubutu kucheka. Akawaambia kwamba alimrudisha mwenzao nyumbani akidhani anajipamba, kumbe anajifunza, na kosa lilikuwa lake. Mkuu wa shule akamwita pembeni nami nikasogea, nikiwa tayari kugombana. Hapakuwa na haja. Mwenzangu alimweleza kwa utulivu kwamba sheria ibaki kwa wanaopakwa, ila mpakaji ahesabiwe kama mtoto wa seremala mwenye gundi vidoleni, afanye kazi Jumamosi tu, na michoro yake ipokelewe kama kazi mradi yake ya hisabati. Mkuu aliitazama ile mikono muda mrefu. Mwishoni akasema haya, mtoto aingie darasani.

Tatizo ni kwamba mtoto hakuwepo. Nilizunguka mistari yote ya kidato cha pili nikiwa na moyo mzito, nikijua asipokuja leo hatakuja tena. Mlinzi ndiye aliyetuambia kwamba kuna binti amesimama nje ya ukuta tangu alfajiri, kavaa sare, hataki kuingia.

Mwenzangu alimfuata mwenyewe. Nilidhani atamhubiria. Alisimama tu mbele yake. Binti akamwamkia shikamoo, kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa kushoto wa mwalimu, akakunja uso. Akaushika, akaugeuza kwenye mwanga, na nikaona woga wote umemtoka.

"Madamu, hapa nilikosea. Hili jani nimeligeuza vibaya."

"Mimi nafundisha hesabu na sikuliona," mwalimu akasema. "Njoo ukawaoneshe wenzio ubaoni."

Kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati, kidato cha pili. Binti akatangulia, bado kaushika ule mkono, na mwalimu wa nidhamu akamfuata.