Karatasi Niliyomwandikia Mkwe

Nilifanya kazi miaka minane kwenye mapokezi ya hoteli ndogo katikati ya jiji, na kazi yangu kubwa haikuwa kugawa funguo bali kugawa mashauri. Mgeni anayefika Kenya mara ya kwanza ana maswali matatu tu: aone nini, ale wapi, alale wapi bila kuibiwa. Nilikuwa na majibu mdomoni kabla hajatua mzigo. Nenda mbugani alfajiri, kabla simba hajachoka kuangaliwa. Nyama choma ule kwa mkono, usione haya, na kachumbari uionje kwanza ujue pilipili imekaa vipi. Lala ndani ya chandarua hata ukiambiwa Nairobi haina mbu, maana anayekuambia hivyo halali chumbani mwako. Wageni waliniandikia sifa nyingi, nami nikavimba kichwa.

Kwa hiyo ndugu yangu aliyeoa ng'ambo alipopiga simu kusema mama mkwe wake anatangulia peke yake, wiki moja kabla yake na mkewe, ili atujue kabla ya sherehe ya kijijini, mimi sikutetemeka. Aliyetetemeka ni mama yetu. Kwetu magharibi mwa Kenya mkwe ni mtu wa kuogopwa, na akipata aibu kwenu, aibu hiyo itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mama akatoa amri kutoka nyumbani kwamba mkwe hawezi kulala hotelini wakati damu yetu iko mjini. Damu iliyokuwa mjini ni mimi. Nyumba yangu ni chumba na sebule, ghorofa ya tano, mtaa wa Pipeline, ambako majengo yamekaribiana hata unaweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi kupitia dirishani.

Mkwe alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, mpole, mwenye ugonjwa wa sukari. Alikuwa amejifunza Kiswahili mwaka mzima kwa kusikiliza kwenye simu, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Siku ya kwanza alinieleza jambo moja akahakikisha nimelishika. Kabla ya chakula hujidunga sindano, na akishajidunga sharti ale katika muda wa nusu saa. Asipokula atatoka jasho, atachanganyikiwa, na akicheleweshwa sana anaweza kuzirai asiamke. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayekuonyesha swichi ya taa ilipo.

Usiku ule nilimwandikia karatasi. Niliiandika kwa Kiswahili ili kuheshimu juhudi zake, na niliiandika kwa ujuzi wangu wote wa mapokezi. Simu usiitoe barabarani. Ukiitwa usigeuke, ukisalimiwa usijibu, kwa maana anayekusalimia ana lake. Tembea kama mtu anayejua anakokwenda, usionyeshe kwamba umepotea. Usile cha barabarani. Usipokee chakula wala kinywaji kwa mtu usiyemjua. Chini kabisa nikaandika njia ya kufika nyumbani: kutoka njia panda nenda moja kwa moja mpaka kwa mama wa samaki, kata kushoto, lango la kijani, ghorofa ya tano, mlango wa tatu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa blauzi pamoja na ufunguo wa akiba niliompa.

Siku ya tatu nilimpeleka soko la Kariokor. Bado nasema, kama una siku moja tu ya kutembea Nairobi, anzia pale. Alitaka akala, vile viatu vya tairi, na fundi akampima mguu kwa chaki na kuanza kukata mbele yake. Mkwe akavutiwa kama mtoto, akaketi kwenye kigoda kuangalia kila msumari. Tulipokuwa hapo jirani yangu akanipigia kusema maji yamekuja. Asiyeishi Pipeline hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mfereji ukikupita leo, utasubiri siku kadhaa, na mimi nilikuwa na mkwe wa kuoga. Nikampigia dereva wa teksi ninayemjua aje kumchukua mkwe, nikamwacha kwa fundi, nikakimbilia mitungi yangu.

Saa nane na nusu mkwe alinipigia. Akala zilikuwa tayari na dereva amefika. Akauliza kama chakula kiko tayari, kwa sababu anaona njaa na angependa kudunga sindano sasa hivi, ndani ya gari, ili tule mara akifika. Barabara ilikuwa nyeupe saa ile na safari haizidi robo saa. Kuku alikuwa jikoni, wali umeiva, sukuma wiki imekatwakatwa. Nikamwambia dunga mama, njoo, chakula kipo. Kisha simu nikaiacha juu kwenye chaji isije ikaanguka ndani ya maji, nikashuka kwenye foleni ya mfereji ulio nyuma ya jengo. Nilijua nitamkuta mlangoni.

Nilipopandisha mtungi wa nne sikumkuta mlangoni. Kwenye simu kulikuwa na simu tatu ambazo hazikupokewa, moja ya dereva na mbili za mkwe. Nilipompigia mkwe, simu ilikuwa imezimika, labda chaji imeisha. Dereva alisema amemshusha njia panda kitambo, mikokoteni ilikuwa imeziba njia ya kuingia, na mama, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akifikishwa langoni kwa gari, akamwonyesha karatasi akisema anajua njia. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Nusu saa yake ilikuwa imeisha.

Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Nilifika kwenye kona ya kukata kushoto, na hapo nikasimama mdomo wazi. Mama wa samaki hakuwepo. Angekuwepo vipi? Mama wa samaki hutandika meza yake saa kumi na moja, watu wanapotoka viwandani. Saa tisa pale pana turubai la nguo za mitumba, na asubuhi pana muuza makaa. Mtaa wetu hauna vibao vya majina; tunaelekezana kwa watu, na kila mwenyeji anajua, bila kufundishwa, mtu yupi yuko wapi saa ngapi. Mimi bingwa wa mashauri nilikuwa nimemwandikia mgeni njia inayofunguka jioni.

Kwa hiyo hakukata kushoto. Alinyoosha, akimtafuta mama wa samaki, akitembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Nikakimbia nikiuliza. Muuza mitumba alimwona. Akasema alimwita aangalie sweta, mama akakaza mwendo. Mwanamke wa chapati alimwona pia, akitoka jasho, akamvutia kiti akae. Mama akageuza uso. Kila niliyemuuliza alikuwa amemwona, na kila mmoja alikuwa amemsemesha. Alikuwa na njaa ya hatari, akapita katikati ya viazi vitamu, mandazi, ndizi, miwa, huku watu wakimkaribisha, na kwenye mfuko wa blauzi ana maandishi yangu ya kumkataza. Nilianza kulia barabarani na sikujali nani ananiona.

Simu ikalia. Ilikuwa video, ni wifi yangu, binti yake. Nikapokea bila picha. Akauliza kwa uchangamfu mama anaendeleaje na mbona simu yake haipatikani. Nikasema amelala kidogo, jua limemchosha. Nilisema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, na wifi akashukuru, akasema nimwache apumzike. Nikakata simu, nikaendelea kukimbia.

Kwenye duka la mwisho kabla njia haijagawanyika kulikuwa na kijana wa miaka thelathini hivi akipanga maziwa. Ninapita pale kila siku ya Mungu. Nikamuuliza kama ameona mzungu mzee.

"Nimemwona, madam," akasema. "Nilimwambia karibu, nikamuuliza kama amepotea. Akapita tu bila kuongea, vile wewe hupitanga."

Hakusema kwa ubaya. Alinyoosha mkono akanionyesha kulia, kwenye lango la kijani. Nilikuwa nimesahau na hilo. Mwenye nyumba wetu ana majengo manne mtaani, na aliponunua rangi alinunua ya malango yote.

Nilipanda. Kwenye ghorofa ya tatu nilisikia sauti ya mwanamke juu yangu ikisoma polepole, kwa kujikwaa kidogo, na maneno niliyoyasikia yalikuwa yangu. "Usipokee chakula wala kinywaji kwa mtu usiyemjua."

Mkwe alikuwa ameketi sakafuni, ghorofa ya tano, mbele ya mlango wa tatu, ufunguo wangu ukining'inia kwenye kitasa kisichokuwa chake. Uso ulikuwa umelowa, midomo imepauka, macho yanatafuta kitu yasikipate. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani na macho ya mtu aliyeamshwa, alikuwa amechutama mbele yake. Mkono mmoja kikombe cha chai, mwingine karatasi. Kila kikombe kilipomkaribia, mkwe alikisukuma kwa vidole visivyo na nguvu na kuigusa ile karatasi. Hata akili ilipokuwa ikimtoka, alikuwa bado ananitii. Nilijaribu kusema nikakosa pumzi.

Yule mwanamke akaweka karatasi chini. Akanywa fundo moja kubwa la ile chai, akameza, akafungua mdomo auone.

"Ona, shosho," akasema, kama anayemwita bibi yake. "Mimi nimekunywa kwanza. Sasa wewe."

Nyumbani kwetu bibi alikuwa akionja hivyo mbele ya mgeni, ajue hakuna ubaya ndani ya chungu. Mkwe alimtazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima. Kisha akanywa. Mwanamke akaongeza sukari, akamnywesha tena, na mimi nikapiga magoti nikamshika mkwe mguu, maana sikuona pengine pa kumshika. Alikuwa amevaa akala zake mpya.

Baada ya kikombe cha pili na kipande cha mkate alinitambua. Aliniita jina langu, akauliza kwa nini ninalia. Yule mwanamke alinieleza kwamba hufanya kazi ya usiku kiwandani, alikuwa amelala, akaamshwa na mtu anayehangaika na ufunguo kwa jirani. Mama yake naye alikuwa na sukari, akalijua lile tetemeko. Nilishukuru mpaka maneno yakaisha. Hapo hapo nikampigia wifi, nikamwambia nilimdanganya, mama yake hakuwa amelala, alikuwa amepotea na mimi ndiye niliyempoteza. Akaomba kumsikia mama, nikampa simu.

Mwanamke aliiokota ile karatasi.

"Hii ameandika nani?"

"Mimi."

"Unakaa wapi?"

"Hapa nyuma tu. Jengo la pili."

"Kitambo?"

"Miaka kumi na mmoja."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliikunja karatasi vizuri kwa mikunjo ile ile ya mwanzo, akanirudishia. "Shika basi," akasema. "Kuna wageni wengine watakuja."

Tulikaa kwake mpaka mkwe akapata nguvu. Tuliposhuka jua lilikuwa limepoa, watu wanarudi kutoka viwandani, na mama wa samaki alikuwa ametandika meza yake kwenye kona, mafuta yakichemka. Mkwe alinishika mkono akasimama mbele yake. Akamsalimia kwa kile Kiswahili chake cha pasi, akauliza habari za jioni, habari za kazi. Mama wa samaki akafurahi, akajibu zote, akamuuliza habari za safari. Kisha wote wawili wakanitazama, wakaningoja nami nisalimie.