Mvua Iliyosimama Juu ya Ziwa

Tarehe kumi na nne Novemba. Asubuhi ukungu, saa tano jua, upepo kidogo kutoka ziwani. Ndivyo daftari langu linavyosema kuhusu siku ya pili ya safari ile, na nadhani linasema kweli, ingawa mengine niliyaandika baadaye na huenda nimeyapanga vizuri kuliko yalivyokuwa.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda kwetu kutafuta kahawa. Kaka yangu, aliyezoea kuwaongoza wageni kwa miguu siku mbili kutoka Mbuji, kijijini kwetu milimani, hadi ufukweni mwa ziwa, aliajiriwa na mmoja wao kupima magunia. Mgeni alikuwa ameshafika, nikaambiwa nimpeleke mimi. Ziwani nilikuwa nimeshuka mara mbili tu, zote mwezi wa saba. Hilo nilipaswa kumwambia mgeni. Sikumwambia.

Alikuwa bibi wa Kizungu, miaka sabini hivi, aliyefundisha Morogoro muda mrefu. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu mimi wa darasa la saba, ninayeota kwa Kimatengo. Dada yake alikuwa muuguzi kule chini ufukweni, akafa, akazikwa kwenye makaburi ya misheni. Bibi hakuwahi kuliona kaburi.

"Nataka jioni moja tu nikae naye," aliniambia.

Meli ingemchukua siku ya tatu, mchana. Kwa hiyo jioni ya siku ya pili ndiyo ilikuwa yake.

Siku ya kwanza tulipita katikati ya ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia yanayofunika kilima kizima. Bibi alitembea polepole, akigusa kingo zake kwa fimbo kama anayezihesabu. Tukalala kwa shangazi yangu. Siku ya pili, ukungu ulipofunguka, ziwa likawa chini yetu, limetulia mno, nikahisi nikikohoa litatikisika. Juu ya maji zilisimama nguzo tatu za rangi ya kahawia, ndefu, zimeinama kidogo, zinatembea bila sauti.

Sisi wa milimani tunaijua mvua inayokuja hivyo kutoka bonde la pili. Tunajua pia njia ya mteremko ikilowa inavyomfanya mtu wa umri ule.

"Mvua hiyo, Bibi. Tungoje."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Neno hilo silitumii sana.

Tulikaa kwenye kibanda cha shamba kilichobaki kitupu tangu mavuno. Bibi alinisimulia kwamba zamani alitembea jangwani siku tano, na ngamia na kiongozi, na kila adhuhuri wageni waliona maji mbele yao. Kiongozi aliwaambia hakuna kitu pale, twende. Alisimulia akiwa amefumba macho. Sijui kama nililala. Nakumbuka ngamia wakipita kwenye ngoro zetu, wakichagua pa kukanyaga. Nilipofumbua macho nguzo zilikuwa zimeyeyuka, nyingine zimeinuka mbali zaidi, na mvua haikuwa imefika. Jua likashuka. Hatukuweza tena kuteremka.

"Imehamia Malawi," nikasema.

Tulifika mchangani kesho yake mchana. Meli ilikuwa tayari inaonekana. Bibi alitangulia kuelekea kanisani, nami nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa akisafisha vikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmelala wapi?"

"Juu. Tuliogopa mvua ya jana."

"Mvua gani?" Akanitazama. "Zile nguzo? Zile ni nkungu, mwenzangu." Akafunua beseni: vijidudu weusi wadogo mno, maelfu, wanaozaliwa majini na kupanda angani kama moshi, mpaka upepo uwalete ufukweni watu wawakinge kwa vikapu. "Wamatengo nyie. Mnalima mpaka kwenye ukuta wa mlima, halafu mnakimbia inzi."

Hakusema kwa ubaya, lazima niliandike hilo.

Bibi hakusikia. Ningeweza kuacha aondoke na mvua yangu. Nilitembea mpaka makaburini nikilifikiria hilo, siwezi kusema sikulifikiria. Nilimkuta anang'oa majani. Nikamwambia.

"Kwa hiyo jana jioni ningekuwa hapa."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ulisema una hakika."

"Nilisema."

Hakunisamehe kwa maneno, wala hakunilaumu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka uso wake ulisema lipi, siwezi kuapa. Meli ikapiga honi. Akasimama, akajifuta magoti.

"Leo unalala wapi?"

"Naanza kupanda, Bibi."

"Usipande. Kaa naye wewe, mpaka jua lizame."

Nikakaa. Sikumjua marehemu, kwa hiyo nilimwambia niliyoyajua: dada yake anavyotembea, anavyogusa ngoro kwa fimbo, anavyosimulia amefumba macho. Meli ikawa nukta. Kisha nguzo zikainuka tena kutoka majini, na hata baada ya kuambiwa, macho yangu yaliona mvua. Upepo ukazileta. Nkungu wakatua kwenye msalaba, kwenye mikono yangu, wepesi kuliko majivu.

Jua lilipozama yule mama wa vikapu alikuja kunichukua. Kwake tulikula watu watatu, yeye, mumewe na mimi: ugali wa muhogo, na nkungu walioshindiliwa wakakaushwa kama mkate, kisha wakachemshwa na nyanya na chumvi. Nilikula, nikaongezewa.