Shuwa ya Ukwaju

Mume wangu ni mtu wa wizara. Amestaafu, lakini mpaka leo anapanga viatu vyake mlangoni kama mafaili. Kwa hiyo Idi hii iliyopita aliposema kwamba gunia letu la shuwa ataliwekea alama yeye mwenyewe, nilimwachia. Nilikosea.

Shuwa, nyama ya Idi ya kwetu Omani, haitaki haraka. Nyama unaipaka viungo, unaifunga kwa majani ya mgomba, unaitia kwenye gunia la makuti yaliyosukwa, kisha inapelekwa kwenye tanuri la mtaa, yaani shimo kubwa la makaa, pamoja na magunia ya nyumba nyingine ishirini au thelathini. Shimo linafukiwa. Kesho yake linafukuliwa na kila mtu anachukua lake. Yote yanatoka meusi na yote yanafanana, ndiyo maana watu hutia alama.

Kwetu alama ilikuwa kazi ya mwanangu wa kwanza. Alikuwa akichukua kijiko changu cha chai na kukifunga kwa waya kwenye shingo ya gunia. Kila Idi vijiko vyangu vilipungua. Nikimpigia kelele, ananibusu kichwani na kuniambia, "Mama, kijiko hakiungui." Alikuwa mhandisi wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mcheshi wa kukera. Miaka mitatu iliyopita alijitoa uhai. Nalisema hivyo hivyo, kwa sababu nimechoka na watu wanaolinong'ona neno hilo kana kwamba litawaambukiza. Alikuwa mgonjwa wa huzuni, na ugonjwa wenyewe aliuficha ndani ya mzaha, nasi tukacheka. Nimejilaumu mpaka nikachoka, nikapumzika, nikaanza upya.

Lakini kilichokuwa kikinila zaidi ni mume wangu. Tangu siku ya mazishi hakumtaja tena mwanetu, hata mara moja. Nikianza, "Unakumbuka alivyokuwa...", yeye huinuka kwenda kutazama kama tangi la maji limejaa. Hakuna tangi Maskati nzima lililotazamwa kama letu. Na mimi nilikuwa na vichekesho vya mtoto yule tele kifuani, na mtu pekee duniani niliyemlea naye yuko juu ya paa na tochi. Nilimtaka mwanangu azungumziwe nyumbani kwake. Niliogopa kwamba tutazeeka sisi wawili mezani, kila mmoja amemficha kijana yule yule.

Idi kadhaa zilipita hatukupika shuwa. Safari hii nikasema tunapika, basi. Mume wangu hakugusa kijiko. Alichukua utepe wa plastiki, akaandika jina la ukoo kwa wino mzito, kwa hati nzuri ya kiofisi, akaubandika kwenye gunia. Plastiki, kwenye makaa.

Siku ya pili ya Idi alirudi nyumbani kwetu Ghubra kutoka kwenye tanuri la mtaa wa Hail, amekumbatia gunia, uso masizi matupu, amefurahi. Nikalifungua jikoni. Nikakuta mbuzi na mifupa yake, ananukia karafuu. Sisi tulitia paja la ng'ombe, halina hata mfupa mmoja, limepakwa ukwaju kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yangu aliyekulia Unguja.

"Bwana, hii si yetu."

"Yetu. Nimetazama alama."

"Umetazama alama gani, na plastiki imeyeyuka?"

Akaligeuza gunia huku na huku. "Basi nilihisi ni yetu," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hapo simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa tanuri. Kuna nyumba huko Hail wamefungua gunia wakakuta ukwaju, na mtaa mzima umeshakubaliana kwamba watu wa kutia ukwaju kwenye shuwa ni Wazanzibari tu.

Tukamrudisha mbuzi wa watu kwa gari. Wenyewe walikuwa Waomani waliotoka bara, wazee wao walikaa Tabora, nasi hatukuwahi kuonana nao. Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni, midomo inang'aa mafuta.

"Mtusamehe, mama. Tumeonja kidogo tu."

"Kidogo?" Nilikuwa nimeshaiona sinia nyuma yake. "Hapo zimekwenda kilo tatu, dada yangu."

"Tulikuwa tunatafuta jina la mwenyewe ndani," akasema, na tukacheka tukashikana mikono kama tuliosoma pamoja.

Akaniketisha upande wa wanawake, akaleta halua na kahawa. Mume wangu akaingizwa majlisi, sebule ya wanaume, na bwana mwenye nyumba. Kati yetu palikuwa na mlango ulioachwa wazi kidogo, na sauti zilipita. Ndipo nikamsikia mume wangu akisema:

"Sisi kuchukua cha mtu ni desturi. Mwanangu mimi aliwahi kuniletea gari ya watu."

Kikombe nikakirudisha chini.

"Nilimtuma kwa waosha magari akachukue yangu. Gari nyeupe, na Maskati hii kila gari nyeupe. Akaniletea, nikaiendesha mpaka Khuwair, kazini. Natafuta miwani, nnashika chupa ya maziwa ya mtoto! Nikampigia simu. Nikamwambia, wee, umenipa mtoto wa nani? Akanambia, 'Baba, usiteremke, nnakuja. Na mama asijue, atatucheka mpaka Idi.'"

Walinificha, wote wawili! Nilikasirika, na papo hapo furaha ikanijaa. Miaka mitatu nilidhani nimeshayasikia yote ya mwanangu, kumbe alikuwa bado na jipya la kunipa.

"Mlete basi kijana huyo tumuone," mwenye nyumba akasema. "Yuko wapi siku hizi?"

Mwenyeji wangu akanitazama, nami nikatazama mlango. Nilijua mume wangu anatafuta tangi la kwenda kulitazama.

"Alifariki," akasema. "Miaka mitatu sasa. Alijitoa uhai mwenyewe." Alianza kwa sauti yake ile ya mikutano, na haikufika mwisho.

"Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amin."

Kisha yule bwana, Mungu amlipe kheri, akauliza taratibu, "Na mwenye gari, hakukasirika?"

Mume wangu akapenga kamasi. "Mwenye gari?" akasema. "Tulimkuta kule kwa waosha magari, amekaa ndani ya yetu, anakula tende zangu, anasubiri mkewe amfuate. Hakujua kama si yake!" Akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile miaka mitatu, na kilikuwa na machozi ndani yake, lakini kilikuwa chake.

Mwenyeji wangu akanishika mkono. "Tukamwite, mama?"

"Mwache," nikamwambia. "Anamzungumzia mwanangu."

Na aliendelea. Akatoa kisa cha pili, cha shule. Akaingia cha tatu, cha siku kijana alipojifungia chooni na simu ya babu yake, na hicho akakiharibu tangu mwanzo. Nilivumilia kidogo. Kisha nikajifunga mtandio vizuri, nikausukuma mlango, nikaingia majlisi ya wanaume wa watu bila hata hodi.

"Siyo hivyo," nikasema. "Alikuwa na miaka sita, si minane, na mlango nilimfungulia mimi. Hebu sogea."

Akasogea.