Mguu Wangu Mapajani mwa Baba

Mwaka tulipokuwa tukijenga nyumba za kijiji cha ujamaa, karibu na Itigi, nilianguka kutoka kwenye paa nikavunjika mguu chini ya goti. Mganga wa zahanati aliufunga kwa vipande vya mbao, akaniombea nafasi kwenye ndege ndogo iliyokuwa ikienda Dodoma.

Wanaume wanne walinibeba juu ya kiti cha shule mpaka uwanjani, lakini mlango wa ndege ulikuwa mwembamba, kiti hakikupita. Baba yangu, mfugaji asiye na maneno mengi, akainama mbele yangu.

“Panda mgongoni.”

Nilikuwa mwalimu, mtu mzima. Niliona haya, nikapanda. Akaniingiza ndani, akanikalisha, kisha akashuka.

Rubani akamwambia, “Mzee, na wewe ingia. Huo mguu unahitaji mtu wa kuushika.”

Baba hakuwahi kupanda hata treni. Aliingia, akauweka mguu wangu mapajani, akaushika kwa mikono miwili, akafumba macho mpaka Dodoma.

Ndege ilipotua nikamwambia, “Baba, tumefika.”

“Umeumia njiani?”

“Hapana, baba.”

“Basi ngoja kidogo,” alisema, macho bado ameyafumba. “Mikono imekufa ganzi.”