Mzunguko Mmoja Juu ya Ziwa

Kompyuta ya kupanga ndege ilifika kwenye mnara wetu wa kuongozea ndege, Musoma, ikiwa imeshajua kila kitu. Inatazama ndege zinazokuja, inapiga hesabu, kisha inakuandikia ipi itangulie na ipi ifuate. Jambo moja haikuambiwa: kwetu ndege ikishatua inaenda hadi mwisho wa barabara ya kurukia, inageuka, inarudi ilikopita. Njia ya kutokea pembeni hatuna.

Mchana mmoja iliweka ndege ya abiria mbele, ya daktari nyuma yake kwa dakika tatu. Getini ambulensi kutoka Buhemba ilikuwa inanguruma, ndani yake mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba, anatakiwa Mwanza haraka. Nikabonyeza kukubali. Halafu ndiyo nikahesabu, nikarudia: kutua, kwenda, kugeuka, kurudi. Dakika sita. Daktari angefika juu yetu, akute barabara ina mwenyewe, apande tena na kuanza upya.

"Umeshakubali," akasema mwenzangu wa zamu, dada wa Butiama asiyepoteza maneno. "Sasa unafuta?"

"Napatana na rubani kwanza."

"Kompyuta inakuwaga nyekundu ukiibishia, kaka. Usije ukasema sikukwambia."

Nikamwita rubani wa abiria, nikamwomba azunguke mara moja juu ya ziwa, ampishe daktari.

"Barabara nimeshaiona," akajibu. "Nina watu arobaini wanataka kushuka."

"Na mimi nina mmoja hawezi hata kukaa. Mzunguko mmoja."

"Nusu."

"Ukizunguka nusu, bwana, unaelekea Ukerewe."

Kioo cha kompyuta kikawa chekundu, kengele ikaanza kulia, na ndege bado inatujia. Dada akaacha kuandika. Nikashika kipaza sauti, safari hii kuamuru, si kuomba. Ndipo bawa moja likainama, ndege ikageukia majini.

Daktari akatua. Akaenda hadi mwisho, akageuka, akarudi, kengele ikilia muda wote. Machela ya mchimbaji ilimfikia kabla panga za ndege yake hazijasimama.

Baadaye, naye akiwa ameshatua, rubani wa abiria alipanda ngazi zote za mnara kuja kuniona sura.

"Ungeniamuru tu tangu mwanzo," akasema, "kuliko kunipigia bei hewani."

"Kweli. Nilichelewa."

Akatazama ziwa kidogo. "Yule mtu yuko hai?"

"Dereva wa ambulensi anasema wakati wanampakia alikuwa anaomba maji. Daktari akamnyima, naye akamtukana."

"Basi yuko hai," akasema, akaanza kushuka.